Alichokiona Mlinzi wa Maji

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kulinda maji. Jina lake Togolai, na kijiji chake kilikuwa juu milimani Upare, mahali ambapo mvua huja inapotaka na mashamba hunywa kwa zamu. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa dogo lililojengwa na mababu kwa mawe na udongo. Maji ya chemchemi yalijikusanya humo hadi asubuhi, kisha Togolai akazibua tundu na kuyaachia yaende kwa mwenye zamu; na maji ya kunywa watu waliyateka humohumo. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Hakuwahi kumpendelea ndugu wala kumpunja mgeni. Kanisani naye alikuwa mzee wa usharika, mtu wa sala za alfajiri, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Lakini kila mwenye shamba alilazimika kumpitia, na kila aliyempitia alikuwa na jambo la kusema, kwa hiyo Togolai alizijua habari za kila nyumba: nani hasemezani na mkewe, binti wa nani amerudi kwao, kwa nani moshi hauonekani tena mchana. Hakuuliza. Aliambiwa tu. Na aliyezoea kuambiwa yote, mlango mmoja uliofungwa humuuma kuliko jino.

Mlango huo ulikuwa wa Nakijwa. Mama huyu alikuwa mjane wa makamo, asiye na mtoto, aliyebaki kumtunza baba mkwe wake, Mzee Eliamani. Mzee huyo alikuwa mwinjilisti wa kijiji kwa miaka arobaini. Nusu ya watu wazima wa pale walikuwa wamefundishwa naye kusoma, na waliobaki walikuwa wamezikiwa wazazi wao naye. Tangu mwaka uliopita hakuonekana tena kanisani. Watu walipouliza hali yake, Nakijwa alijibu, "Anawasalimu," akaendelea kulima. Waliotaka kwenda kumwona waliambiwa amelala. Baada ya muda wakaacha kuuliza, lakini hawakuacha kujiuliza.

Asubuhi moja ya kipupwe, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, Togolai alikuwa anapanda kwenda kuzibua ndiva alipomwona Nakijwa anashuka kutoka upande wa msituni. Kichwani alikuwa na furushi lililolowa, na maji yalikuwa yanamchuruzikia mabegani. Alipomwona Togolai akashtuka, mkono ukaenda kulishika furushi.

"Umeamka mapema, mama," Togolai akasema.

"Nimeamka salama, baba," akajibu, akapita bila kusimama.

Togolai alibaki njiani akimtazama mgongo. Njia ile aliijua. Ilitoka penye kijito cha Kwamare, na maji ya Kwamare hayaingii ndiva. Huteremkia upande wa pili wa mlima, kwenye korongo lisilokaliwa na mtu. Hapakuwa na aliyelijua hilo kuliko yeye. Kwa hiyo baya hakuliona. Alichokiona ni mwanamke mwenye siri, ambaye hakumwambia.

Siku hiyohiyo, baada ya sala, alikaa kibarazani kwa rafiki yake Ndekirwa, fundi cherehani, mtu mpole aliyeshona sare za kwaya. Wakazungumza habari za mahindi. Kisha Togolai akapunguza sauti. "Nakuambia wewe tu, ndugu yangu, ili tumwombee. Nakijwa nimemkuta anatoka kule kwenye maji, jua halijachomoza, na furushi limelowa chapachapa. Aliponiona akaogopa." Kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Ya kijito na korongo hakuyasema. Hakukusudia uongo, ni kwamba angeyasema, habari ingekwisha utamu palepale. Ndekirwa akaacha kukanyaga cherehani. Na hilo ndilo Togolai alilokuwa analitafuta bila kujua, auone mguu wa mwenzake umesimama.

Ndekirwa alimwambia mkewe, akamwonya kwamba ni siri. Mkewe akaipeleka kwenye mashine ya kusaga, na pale "kule kwenye maji" pakawa "kwenye maji yetu". Waliorudi na unga walirudi pia na furushi, na ndani ya furushi sasa mlikuwa na dawa. Kesho yake jioni mama mmoja alimsimamisha Togolai njiani, akatazama nyuma yake kwanza, ndipo akanong'ona, "Mzee, umesikia? Kuna mtu anatia kitu kwenye ndiva." Togolai hakulitambua neno lake mwenyewe. Lilikuwa limekua, na limevaa nguo za watu wengine. Akauliza ni nani, na alipotajiwa jina, moyo ukampiga kama wa mtu aliyekosea ngazi. Hapo angeweza kulizuia. Lilikuwa bado liko mbele ya mtu mmoja, kwenye njia moja nyembamba. Lakini kulizuia kungemlazimu kusema lilianzia wapi. Akatikisa kichwa, akasema, "Dunia hii," akaenda zake.

Siku ya tatu Senzota, binti wa Kiondo, msichana wa miaka tisa, alianza kutapika, na kufikia adhuhuri hakuweza kusimama. Baba yake akambeba mgongoni kumpeleka zahanati, bondeni kabisa, mwendo wa nusu siku. Basi kila mtu aliyewahi kuumwa tumbo wiki ile akakumbuka kwamba aliumwa. Wanawake wakaanza kuteka maji mtoni, mwendo mrefu wa mteremko na mrefu zaidi wa kupanda, wakiipita ndiva imejaa pomoni huku wamewageuza watoto nyuso upande wa pili. Togolai alizibua tundu asubuhi, hakuja mtu. Akaziba. Maji yakapanda, yakafurika ukingoni, yakajimwagia ovyo kwenye majani, na yeye akasimama akiyatazama kama mgeni.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mkewe anamimina mtungi nyuma ya jiko.

"Unamwaga nini?"

"Unataka tufe?" mkewe akamjibu, wala hakugeuka.

Kata moja ilikuwa imesahauliwa juu ya kinu, ina maji nusu. Togolai alikuwa na kiu. Akaichukua, akaiinua mpaka mdomoni. Alijua maji yale ni safi. Kama kuna mtu mmoja chini ya jua aliyejua, ni yeye. Akayatazama maji, na maji yakaonekana yana rangi. Akaiweka kata chini bila kunywa. Akaketi penye giza la jikoni, na hofu ikamwingia ambayo hakuwahi kuijua: kwamba lile alilolitoa kinywani mwake halikuwa linatembea kwa watu tu. Lilikuwa limerudi, limeingia nyumbani mwake, na yeye mwenyewe alikuwa analitii.

Siku ya tano, kabla ya mchana, ikaja habari kwamba Senzota amekufa. Hakuna aliyeuliza nani ameileta. Watu wakatoka majumbani bila kuitana. Wengine walikuwa na fimbo, wengine na mawe, na mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa, amelibeba kwa adabu kama mtu anayetumwa dukani. Walipopita kwa Togolai wakamwita, "Twende, mzee. Wewe ndiye mlinzi." Naye akaenda. Akajiambia kwamba anakwenda kuwatuliza. Lakini kwa kweli alikwenda kwa sababu aliogopa kuonekana amebaki.

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo ya mlango huku na huku. Nyuma yake, katika giza la nyumba, mtu alikohoa. Mbele ya watu wote alisimama Ndekirwa, yule mpole, na mkononi alikuwa na mpini wa shoka. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa woga. Wote walikuwa wanaogopa, na hakuna kitu cha kutisha kama watu wema wanaoogopa pamoja.

"Sema," Ndekirwa akamwambia. "Sema ulikuwa na nini kwenye lile furushi."

Nakijwa akafumbua kinywa. Togolai, aliyekuwa nyuma ya wote, aliliona jibu likimfika midomoni. Kisha akamwona akigeuza shingo kidogo kutazama ndani ya nyumba, na midomo ikafungika. Neno moja lingemwokoa. Lakini kwao mkamwana haketi hata kwenye kigoda alichokalia mkwewe. Angewezaje kusimama mbele ya watu waliofundishwa sala na mzee yule, akawaambia kwamba kila alfajiri anamfulia shuka kama mtoto mchanga? Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu, yakatafuta, yakafika nyuma kabisa, yakasimama.

"Muulizeni aliyeniona," akasema.

Watu wakatazamana, na kila mmoja akagundua kwamba hakuona, aliambiwa. Na aliyemwambia naye aliambiwa. Nyuso zikaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukageuka wa Ndekirwa, na ule haukutafuta. Ulikuja moja kwa moja.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilimwona mimi. Alikuwa anatoka Kwamare. Maji ya Kwamare hayaingii ndiva, mnajua wenyewe. Sikuona baya lolote. Sikuona kitu."

Kwa pumzi moja alidhani yamekwisha. Ndipo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka katikati: "Ameshamfunga ulimi! Jamani, ameshamfunga mpaka mlinzi!"

"Sijafungwa!" Togolai akapiga kelele. "Nasema kweli! Mimi ndiye niliyeanza!" Na kadiri alivyozidi kupiga kelele, ndivyo walivyozidi kusadiki kwamba amerogwa. Siku nne zilizopita alinong'ona na kijiji kizima kikasikia. Sasa alikuwa anapaza sauti, na hapakuwa na wa kumsikia. Neno lake lilikuwa na mabwana wengine. Jiwe likatoka, mpaka leo hajulikani aliyelirusha. Likampata Nakijwa mkono wa kuume, juu ya kiwiko, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Hakupiga yowe. Aliuachilia mwimo, akateleza polepole mpaka akakaa kizingitini, na mlango ukawa wazi.

Hapo gizani akatoka Mzee Eliamani. Alikuwa mrefu bado, lakini mwembamba kama ufito, na shati alilovaa lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni, na harufu ikamtangulia. Akili zilikuwa zimemwacha zamani. Ziko siku hakulijua jina lake mwenyewe. Akaona watu wengi wamesimama mbele yake, wanamtazama, na uso wake ukang'aa. Alidhani ni Jumapili. Akajinyoosha. Akasimama juu ya mkamwana wake aliyeketi chini amekumbatia mkono, akainua mkono wake wa kuume, unatetemeka, na kwa sauti ileile waliyoijua tangu wakiwa watoto akaanza kutamka baraka ya kufunga ibada. Hakukosa hata neno moja. Vichwa viliinama vyenyewe kwa mazoea. Aliyebeba dumu akaliweka chini, akavua kofia. Mzee akaibariki fimbo na jiwe, akambariki aliyerusha na aliyenong'ona, akafika mwisho, kisha akangoja.

Walipaswa kuitikia. Hakuna aliyeweza. Mzee akawatazama kwa mshangao, mkono ungali juu, kama mtu anayejiuliza amekosea wapi.

"Amina," akasema Nakijwa kutoka chini.

Mzee akatabasamu, akashusha mkono. Nyuma ya nyumba, kwenye kamba, zilikuwa zimeanikwa shuka tatu, na sasa kila mtu aliziona.

Hakuna aliyesema twende. Waliondoka mmojammoja, kama watu waliochelewa mahali. Pale njia panda walikutana na Kiondo anapanda kutoka bondeni, na juu ya mabega yake alikuwa Senzota, anakula ndizi. Mganga wa zahanati alikuwa amesema ni karanga zilizooza tu. "Mbona mna fimbo?" Kiondo akauliza, akacheka. Wakazificha fimbo nyuma ya migongo, na kicheko chake kikakatika.

Togolai hakuondoka. Yeye na Ndekirwa walimfunga Nakijwa mkono kwa vijiti na vitambaa, wakampeleka hospitali kwa machela. Mfupa uliunga, lakini vibaya. Hakuweza tena kuukunja mkono ule wala kukamua nguo. Juma lililofuata Togolai aliacha uzee wa kanisa. Mchungaji alimsihi asubiri, akamwambia kwamba wengi walikosa, si yeye peke yake. "Bwana ataniuliza kila neno, mchungaji," Togolai akamjibu, "na hili moja nimeshindwa kulijibu hata mbele yako." Kisha akaenda kwa Nakijwa, akapiga magoti nje ya mlango, maana aliogopa kuingia. Akasema yote, hata lile la utamu wa habari, ambalo hakuwa amelikiri kwa mtu.

Nakijwa alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe, baba," akasema. Halafu akasema tena, si kwa hasira, "Ila shuka sasa nani atafua?"

Togolai alifua. Alifua mpaka mvua za vuli zilipoanza, na siku Mzee Eliamani alipokufa ndiye aliyemwosha. Siku ya maziko kanisa lilijaa hadi nje. Watu walilia sana, na katika kulia kwao waliogopa kutazamana.

Miaka miwili baadaye, Togolai aliteremka tambarare kununua mbegu, katika mji wa mbali asikojulikana. Sokoni, muuza vitunguu mmoja alikuwa anawasimulia wateja wake habari za kijiji fulani cha milimani, ambako mjane mmoja alitia sumu kwenye maji na kuua mtoto wa watu. Wateja walisikiliza, mikono imetulia juu ya vitunguu. Togolai akasogea. "Ndugu yangu, si kweli," akasema. "Huyo mtoto yu hai. Namjua. Na huyo mama namjua, hakufanya neno."

Muuza vitunguu alimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa wazee wanaosahau. "Mzee wangu," akasema, "hizo habari huku tunazijua vizuri." Akageukia wateja wake, akaendelea pale alipoachia.

Basi ninyi mnaojitetea kwamba mlisema kweli tupu, niambieni: hiyo kweli mliyoiachia juzi, asubuhi hii imesimama mlangoni kwa nani?